Taa ya cheki injini imewaka baada ya kubadilisha gasketi: usikimbilie kununua sensa

Mkuu pole sana. Umesema Toyota IST yako imetoka gereji kubadilishwa silinda hedi gasketi, sasa taa inawaka, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, mashine ya kupima imesoma kodi za hitilafu P0102 (ishara ya sensa ya hewa iko chini) na P0113 (ishara ya sensa ya joto la hewa iko juu) na fundi anataka ununue sensa ya hewa. Usinunue kwanza!

Hizo kodi mbili kuja pamoja ni dalili kubwa, maana kwenye hiyo gari sensa ya hewa na sensa ya joto la hewa ziko kwenye kifaa kimoja, soketi moja, pale karibu na ea klina (boksi la chujio la hewa), na ni nadra zife zote siku moja tena siku hiyohiyo gari imefunguliwa. Zima gari, chomoa ile soketi, angalia kama kuna pini imepinda au kutu, fuatilia waya wake maana mafundi wengi wakirudisha ea klina wanaubana, halafu chomeka mpaka usikie imelia klik, futa kodi, washa.

Kodi zikiisha ila silensa bado inasumbua na ikaja P0171 (hewa nyingi, mafuta kidogo), hapo tafuta hewa inayoingia pembeni bila kupita kwenye sensa, mpira wa hewa uliosahaulika au gasketi ya manifoldi. Mwambie fundi asome fyueli trimu (kiasi cha mafuta ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza), ikiwa juu kama asilimia 20 kwenye silensa halafu ukikanyaga mpaka RPM 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka, basi hewa inavuja. Hapo sensa haina kosa kabisa.

Leta majibu mkuu.