Re: Prado 120 kwenda Natron masika, je silikoni inatosha? HAPANA. Soma kwanza

Mkuu mleta uzi, weka hiyo silikoni chini. Hata kifuniko usifungue.

Nimerudia kusoma ulichoandika nikidhani macho yangu yana shida. Prado 120 ya dizeli, injini 1KD, unatoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero mwezi wa nne, mkonga (bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi paani) umeshafunga, na sasa fundi amekushauri upake gundi ya silikoni kwenye soketi zote za injini na kwenye boksi la EDU, uzungushie nailoni, umalizie na tepu nyeusi "maji yakose pa kuingilia". Unauliza kama inatosha, tairi ujaze upepo kiasi gani, na ubebe spea zipi. Aisee. Gari hilohilo, njia hiyohiyo, ushauri uleule niliopewa mimi. Kama si fundi mmoja basi walikaa dawati moja.

EDU kwa wasioijua ni kile kiboksi kilichomo chini ya boneti kinachopandisha volti 12 za betri ziwe nyingi mara kadhaa ili nozeli za kupulizia dizeli zifunguke. Kikilala, 1KD inakuwa rundo la chuma. Mimi changu nilikifunga kama zawadi ya harusi. Kilipendeza, siwadanganyi, nilipiga na picha.

Siku ya safari tumetoka Engaruka jua kali, mawe, vumbi, namba moja na mbili muda wote, injini inafoka. Tukafika kwenye korongo, maji ya kahawia yanatembea taratibu, tumemtuma kijana avuke kwa mguu, yakamfika juu ya goti. Nikasema haya ni ya kunywesha mbuzi tu. Low range (gia za nguvu), namba mbili, nikaingia palepale na moto wangu wote. Maji yakapanda kwenye bampa, yakalamba taa, nikatoka upande wa pili nikipunga mkono nje ya dirisha kama mgombea ubunge.

Mbele kidogo gari likaanza kukohoa. Taa ya injini ikawaka. Likazima, na likagoma kabisa.

Hapa ndipo nailoni iliponimaliza. Tumefungua boneti, kila kitu juu ya EDU kikavu, tepu imekaa vizuri. Kwa hiyo hatukuigusa! Tukashuku filta ya dizeli, tukatoa relay moja baada ya nyingine, tukapiga selfu mpaka betri ikachoka. Tumevutwa na lori la mchanga hadi Mto wa Mbu, kesho yake Arusha. Fundi wa Arusha alipopitisha kisu kwenye tepu, maji yakamwagika kwenye viatu vyake. Maji ya korongo, na tope lake, yametulia ndani ya nailoni yangu safi. Akavuta soketi: pini tatu zimeota ukungu wa kijani na moja imekatika ikabaki ndani. Bili ya EDU, soketi na kipande cha waya ilizidi bei ya matairi manne mapya niliyokuwa nayatambia humu humu jukwaani. Najua kuna watu wamehifadhi ile posti, naomba msiilete.

Maji yalipitaje? Kitu ambacho fundi wangu hakunieleza, na wako hajakueleza, ni kwamba kifaa cha moto kinavuta. Boksi likiwa na nyuzi joto 80, hewa ya ndani imetanuka. Ukilizamisha ghafla kwenye maji ya nyuzi 25, hewa ile inasinyaa kama asilimia 16. Lile pengo lazima lijazwe, na kinacholizunguka boksi wakati huo ni maji. Kontroboksi nyingi (boksi za umeme zinazoongoza gari) zina tundu dogo lenye utando wa kupumulia kwa ajili hiyo. Ukiliziba kwa silikoni, boksi linatafuta pua nyingine, nayo ni waya: maji yanapita katikati ya nyuzi za shaba, ndani ya ganda la plastiki, kuanzia mahali popote palipochubuka, yanatokea kwenye pini. Yakishafika hapo, gundi yako inayazuia yasitoke. Umejenga tangi.

Na ile silikoni ya bomba ya kuzibia madirisha, inayonuka siki? Ile harufu ni asidi ya siki kweli, inatoka gundi inapokauka, na inakula shaba. Kwa hiyo pini zilianza kuoza kabla sijatoka nyumbani. Kinachotakiwa kwenye soketi ni grisi ya silikoni, isiyokauka, kidogo kwenye ule mpira wa kuzuia maji. Nilimrudia yule fundi aliyenishauri, nikiwa na soketi mkononi. Akaigeuzageuza, akaniambia: "Bosi, uliweka nyembamba." Nilishindwa hata kutukana.

Sasa kanuni, na ndiyo pekee nataka uondoke nayo: USIINGIE MAJINI NA GARI LA MOTO. Ukifika ukingoni, zima, fungua boneti, kaa chini ya mti. Nusu saa, dakika arobaini na tano kama umetoka kwenye mlima. Kipimo changu ni kiganja: nikiweza kukilaza juu ya EDU na juu ya altaneta bila kukitoa, tunaondoka. Abiria wakilalamika wape karanga.

Na kupoza kunakulipa kila mahali. Difu na gia boksi zinavuta kwa staili hiyohiyo kupitia sili na vipumulio, ndiyo maana watu wanafungua difu wanakuta oili kama chai ya maziwa. Refusha mipira ya vipumulio hadi kwenye boneti, ni kazi ya saa chache. Feni ya 1KD injini ikiwa imepoa inazunguka kwa ulegevu, haitapiga maji kwa nguvu na kujipinda ikakwangua rejeta. Zima AC ili feni yake ya umeme isiwake ikiwa imezama. Zima na taa kubwa, balbu ya moto na maji baridi hawajawahi kupatana.

Halafu wakati unasubiri, chomeka kijiti pembeni mwa maji. Makorongo ya kule yanajaa kwa mvua iliyonyesha mlimani huku kwako jua linawaka. Maji yakipanda kijiti, rudi nyuma kabisa. Yakishuka, umepata faida ya bure.

Kuhusu mkonga, sijasema usifunge. Mkonga unailinda injini isivute maji, basi. Waya hauzijui. Prado 150 kampuni imeandika kina cha maji kisizidi milimita 700, na yako usiihesabie zaidi ya hapo, kwa hiyo mkonga ukifika juu ya paa usidhani na wewe umefika. Ukizimikia ndani, usipige selfu na usijaribu swichi "uone kama itawaka". Toa hasi ya betri kwanza, kisha vuteni. Maji bila umeme yanachafua tu. Maji yenye umeme yanakula pini ukiwa unatazama, na ukanda ule una magadi, yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba.

Ukitoka salama na zulia limelowa, linyanyue siku hiyohiyo. Kontroboksi ya mifuko ya hewa magari mengi iko sakafuni, katikati ya viti, na soketi za njano ziko chini ya viti. Usikubali muosha magari akupigie presha kwenye soketi, ni korongo la pili hilo.

Watakuja hapa chini wakongwe kusema wao wanapita kila masika bila kusubiri chochote. Waulize wanaendesha nini. Utakuta ni Land Cruiser ya 1HZ, pampu ya kawaida, injini inayodai umeme wa solenoidi (kizibo cha umeme) ya dizeli tu ili iendelee kuunguruma. Huyo mwache atangulie, na akuonyeshe kina.