Kwa nini India iliishia na Rafale 36 badala ya 126

Mkuu, umeuliza kama bei ndiyo iliyofanya India ipunguze ndege za kivita za Rafale kutoka 126 hadi 36. Bei ilichangia, lakini kilichokwamisha hasa ni suala la nani awajibike. Zabuni ilitangazwa 2007, na Dassault, kampuni ya Ufaransa inayounda Rafale, wakateuliwa Januari 2012. Ndege 18 zilikuwa zitoke Ufaransa zikiwa tayari, na 108 ziundwe India na kiwanda cha serikali, HAL. Hapo ndipo palipozuka mvutano: India iliwataka Dassault wadhamini hata zile zitakazoundwa na HAL, wao wakagoma. Saa za kazi za kuunda ndege moja kule HAL nazo zikabishaniwa, na kila saa ni gharama.

Aprili 2015 Waziri Mkuu wa India, Modi, akiwa Paris akatangaza 36 za kununuliwa moja kwa moja, serikali kwa serikali. Mkataba wa 2016 ulikuwa kama yuro bilioni 7.8, ila usigawanye kwa 36 ukasema ndiyo bei ya ndege! Ndani yake mna makombora ya Meteor na SCALP, vipuri, na marekebisho waliyotaka Wahindi. Za kwanza 5 zilitua Ambala, kituo cha jeshi la anga la India, Julai 2020.