Maswali Yenu: Muhula wa masomo melini

SWALI: Binti yangu atasoma muhula mzima melini, bandari hadi bandari. Akishapanda, aanze na nini?

JIBU: Njia ya kutokea. Tangu 2015, kanuni za kimataifa za SOLAS, yaani za usalama wa maisha baharini, zinataka abiria wapya wafanyishwe mazoezi ya dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Zamani ziliruhusu hadi saa 24, na meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba mwaka 2012, waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafundishwa.

Ishara ya dharura ni milio mifupi saba au zaidi, kisha mmoja mrefu. Usiku wa kwanza atembee kutoka kitandani hadi kituo chake cha kukusanyikia, kwa ngazi na si kwa lifti, akihesabu milango kwa mkono ukutani. Moshi ukijaa hataona vibao. Arudie kwa njia ya pili. Aulize pia kama majaketi ya kuokolea yako chumbani au kituoni, maana wengi hupoteza muda kwa kurudi chini kufuata jaketi lililokuwa likiwasubiri juu.

Na milango ya kuzuia moto isiegemezwe kiti ibaki wazi. Wanafunzi hupenda kufanya hivyo ili rafiki apite, kumbe wanaufungulia njia moto.

SWALI: Mtu akianguka baharini?

JIBU: Piga kelele, mtupie boya papo hapo, na mmoja wenu asimame amnyooshee kidole bila kumwondolea macho hata kidogo. Mwingine awaarifu mabaharia. Meli haisimami ghafla, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea upesi sana. Asiruke mtu kumfuata. Mtakuwa na wawili wa kutafuta.

SWALI: Mimi ni mwalimu, nitafuatana na wanafunzi. Wakishuka bandarini niwe makini na nini?

JIBU: Barabara, kuliko kitu kingine chochote. Wazazi huogopa dhoruba, lakini mwaka 1996 wanafunzi wanne wa Semester at Sea, mpango wa masomo melini, walikufa nchini India katika ajali ya basi. Kwa hiyo usikodi gari la safari ndefu ya usiku, na kagua mikanda kabla hujalipa, si baada ya watu kupanda. Dereva aliyeendesha tangu alfajiri asiwarudishe jioni.

Kila mwanafunzi awe na kikaratasi chenye jina la gati na simu ya wakala wa meli bandarini. Betri ya simu ikiisha, kikaratasi kipo. Wasitoke peke yao: watatu ni bora kuliko wawili, kwani mmoja akiumia, wa pili hubaki naye na wa tatu huenda kutafuta msaada.

Angalia pia saa. Meli huweza kufuata saa yake, tofauti na ya mji, na hapo ndipo watu hukuta gati tupu. Waambie wote wafuate saa ya melini, wawe langoni saa moja kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Hesabu watu kwa majina, usihesabu vichwa tu: mgeni mmoja akijichanganya kundini, idadi itatimia huku mwanafunzi wako yuko mjini.