Muulize Fundi: Baiskeli ya magurudumu matatu na magoti ya Mwalimu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kisasa hapa Dodoma. Mgongo ulinikatalia baiskeli ya kawaida, mwanangu aliyeko Uholanzi akaniletea ya magurudumu matatu, mawili mbele, moja nyuma. Unaketi chini umeegemea, pedeli ziko mbele yako. Mgongo sasa hausumbui, ila magoti yanauma, na miguu huchomoka kwenye pedeli. Watoto wa mtaani wananiita Mzee wa Guta. Nirekebishe nini?
Mwalimu Mstaafu, Kisasa

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Watoto waache, guta ndilo lililobeba saruji ya nyumba zao.

Naanza na miguu, kwa sababu umeitaja kama jambo dogo na siyo dogo. Unyayo ukidondoka ukagusa lami, baiskeli haisimami. Inasonga mbele, inauvuta mguu chini ya kiti, na hapo kifundo huvunjika. Usiingie barabarani kabla hujaifunga. Fundi viatu akushonee mikanda miwili kila pedeli, mmoja ushike vidole, mwingine uzunguke kisigino. Usiogope kufungwa, maana hii ukisimama haianguki.

Magoti nayo yana sababu mbili. Ya kwanza ni bomba la mbele linalobeba pedeli, ambalo huingia na kutoka. Legeza bolti zake, keti mgongo ukigusa kiti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa mbali kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakunja kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukilisogeza bomba sana, cheni italegea au kukaza, basi mpelekee fundi apunguze au aongeze pingili.

Sababu ya pili ni gia nzito. Baiskeli ya kawaida ukichoka unasimama, uzito wako unasukuma pedeli. Hapa huwezi kusimama, unasukumia mgongo kwenye kiti na goti ndilo linalolipa. Ukipanda kuelekea Chuo Kikuu kule Chimwaga, weka gia nyepesi mapema, zungusha haraka bila kukaza. Hata ukienda mwendo wa mtembea kwa miguu hutayumba. Na shusha gia kabla hujasimama kwenye taa, kwa sababu pedeli zisipozunguka cheni haihami.

Kona: punguza mwendo kabla ya kuiingia, kisha lalia upande unaokatia, la sivyo gurudumu la ndani linanyanyuka. Kama breki zako za mbele zina mikono miwili, kila mmoja na gurudumu lake, bana yote pamoja. Ukibana mmoja, inakuvuta upande.

Mbigili za Dodoma unazijua. Magurudumu matatu yanapita njia tatu, ukiukwepa mwiba kwa moja, jingine linauokota. Soma ubavuni mwa tairi: kama kuna namba 406, tyubu ya BMX ya inchi 20 inaingia. Beba ya akiba.

Malori ndiyo yanayonitia wasiwasi. Umekaa chini mno, dereva aliye juu hakuoni. Funga bendera ya rangi kali kwenye mti mrefu, upite juu ya paa la bajaji, na taa nyekundu nyuma hata mchana. Barabara ya Singida na ile ya Morogoro mimi nakukataza kwa sasa. Zunguka mitaa ya ndani ya Kisasa asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, na matuta uyapite taratibu, tumbo la baiskeli hiyo liko karibu na ardhi.