Mwanangu, kuhusu ile parseli ya Buhene

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ununue parseli ile, kiwanja cha kujenga pembeni mwa mji wa Goma, kwa kuwa muuzaji amekuambia volkano yetu, Nyiragongo, hulipuka kila baada ya miaka ishirini na kitu, basi hadi 2043 utalala bila wasiwasi.

Najua alikoitoa hesabu hiyo. Mlima ulilipuka 1977, 2002 na 2021. Katikati kuna miaka 25, kisha 19. Wastani ni 22. Lakini vipindi viwili tu, kweli? Nikiuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, siku mbili, moja nipate faida, nyingine ziniozee, nani atanikopesha kwa wastani huo?

Hesabu hivi. Tuseme kila mwaka mlima una nafasi moja kati ya 22 ya kulipuka. Mwaka kupita salama ni 21 kati ya 22. Zidisha hiyo kwa yenyewe mpaka itimie miaka kumi, utapata kama 0.63. Maana yake, ndani ya miaka kumi uwezekano wa kulipuka ni karibu asilimia 37. Ndani ya ishirini, karibu 61. Na mwaka wako wa kwanza hauna usalama zaidi kuliko wa kumi.

Hesabu hii inajifanya miaka yote ni sawa, na si sawa. Watu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, hupima matetemeko na gesi. Hata hivyo, Jumamosi ile ya Mei 2021 mlima ulipolipuka ilitukuta tunapakua chakula.

Tena mlima kulipuka si lazima moto ukufikie wewe. 2002 ulikata katikati ya mji hadi ziwani. 2021 ulishukia hukohuko Buhene, ukakomea karibu na uwanja wa ndege. Huyo anayesema "ulishapita, haurudi", nani alimwambia? Lava, huo moto wa mawe yaliyoyeyuka, hufuata mteremko na nyufa, na nyufa za 2002 zilifunguka hadi Munigi. Bei rahisi unayoifurahia imeshushwa na hofu ya wenzako.

Mimi sikukatazi. Ukinunua, jenga ya mbao juu ya msingi wa mawe, usizike humo akiba yote. Vyeti viwe kwenye begi moja karibu na mlango: tulipoamriwa kuhama, jirani alisukuma godoro kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi mji wa Sake, vitambulisho akaviacha kabatini.

Jumapili baada ya misa nitakwenda na mjomba wako tuione. Usitume avansi, malipo ya kwanza, kabla sijakupigia.

Mama yako