Kabla hujaandika "asili: Kituruki"

Ninyi mnaoanza kazi ya kamusi, mtego wa kwanza utawasubiri kwenye maneno mafupi. Mimi ulininasa kwenye kidahizo (neno linalofafanuliwa katika kamusi) "baba". Nilijua kwamba Waturuki nao humwita mzazi wa kiume baba, basi nikaandika kwenye kadi, tena kwa mwandiko wa kujiamini: "Asili: Kituruki." Mhariri wangu, mzee asiyependa maneno mengi, aliirudisha ikiwa na swali moja la wino mwekundu: "Na Wachina je?"

Kumbe Wachina nao husema baba. Kwa Wabulgaria baba ni bibi. Kwa Wahungari ni mtoto mchanga, au mwanasesere. Kwa Wajapani ni ajuza. Wanaonifurahisha kuliko wote ni Wageorgia: baba mzazi wao humwita mama!

Chanzo kimo kinywani mwa mtoto, na mwanaisimu Roman Jakobson aliwahi kulieleza jambo hili. Midomo ikifumbwa kisha ikaachia irabu a, hutoka ba au ma. Mtoto huirudia kwa kucheza tu, lakini aliye karibu husikia anaitwa yeye. Neno likazaliwa hapa, likazaliwa na kule, pasipo mtu kumwazima mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kuvuka bahari, bisheni hodi kwa ndugu, yaani lugha nyingine za Kibantu. Kishona kina baba, Kizulu kina ubaba, maana ni ile ile. Uturuki nilikwenda kutafuta nini?

Hata maneno yasiyo ya kitoto hugongana hivi. Sana kwa Kifini ni "neno", kwa Kituruki ni "kwako wewe", na kwa Kihispania ni sifa ya mwanamke mwenye afya. Silabi mbili nyepesi zinakutana popote. Sita, saba na tisa ni kesi nyingine: yamekuja matatu kwa pamoja, yote ya hesabu, kutoka Kiarabu, lugha ambayo Kiswahili kimeishi nayo karne nyingi. Hapo andika "asili" bila mkono kutetemeka.

Baba aliyesafiri kweli yupo, lakini ni wa kuliwa. Wafaransa wana keki inayolowekwa kwenye ramu, wanaiita baba. Jina walilichukua kwa Wapolandi, ambao kwao lilikuwa la bibi kizee. Kadi hiyo niliiandika baadaye, na mzee aliipitisha bila kugusa kalamu.