Mbwa aliyegongwa na gari: kabla ya mguu, angalia pumzi na mkojo

Mkuu, pole sana. Umeandika kwamba mbwa wako jike amegongwa na Noah jana jioni, hasimamii miguu ya nyuma, analia ukimnyanyua, majirani wanakushauri aitwe mtu ammalize, na kuna aliyekuambia umpe nusu kidonge cha diklofenaki apunguze maumivu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mbwa wangu dume, Bosi, aligongwa na kirikuu hapa Morogoro, akavunjika fupanyonga, akawa hivyohivyo unavyoeleza. Leo anakimbia.

Naanza na dawa, maana hilo haliwezi kusubiri. Usimpe. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini ni hatari kwa mbwa: zinatoboa tumbo na kuua figo, na mbwa aliyegongwa pengine ameshapoteza damu, kwa hiyo figo zake ziko kwenye shida hata kabla ya kidonge. Panadol nayo inaharibu ini ikizidi kidogo tu, na kipimo cha mbwa hukijui. Tena ukishampa mojawapo, daktari anafungwa mikono, kwa sababu zile dawa salama zaidi anazotumia yeye, kama meloksikamu, haziwezi kuongezwa juu ya diklofenaki. Kama umeshampa, mwambie daktari ulimpa nini, kiasi gani na saa ngapi. Usifiche.

Kuhusu kummaliza: uamuzi huo haufanywi barazani na watu ambao hawajamshika mbwa wala kuona picha yake. Miguu ya nyuma kutosimama kuna sababu nyingi, na nyingine zinapona bila hata upasuaji.

Sasa jambo ninalotaka ulishike. Mguu uliovunjika ndio unaoonekana, ndio unaotia huruma, lakini mguu hauui mbwa leo. Kinachoua kiko ndani ya kifua na tumbo, na mara nyingi hujitokeza baada ya saa kadhaa, wakati kila mtu ameshasema "afadhali, ametulia".

Inua mdomo wake sasa hivi uangalie ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi na wenye unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe, wa kijivu, au rangi ikichelewa kurudi, maana yake damu haizunguki vizuri; huenda anavuja ndani. Hapo usimalizie kusoma, mpeleke. Kisha hesabu pumzi akiwa amelala: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mbwa aliyetulia huvuta kati ya 10 na 30 kwa dakika. Akiwa juu ya hapo muda wote, au anapumua kwa kusukuma tumbo huku amenyoosha shingo, tatizo liko kifuani: hewa imevuja nje ya mapafu, mapafu yamevia damu, au ule ukuta wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo umepasuka na utumbo umepanda juu. Mapafu yaliyovia damu huweza kuendelea kuwa mabaya katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, ndiyo maana mbwa anayeonekana mzima usiku anaweza kuzidiwa kesho yake mchana.

Mkojo nao. Andika saa aliyokojoa na rangi yake. Mkojo wenye damu, au kutokojoa kabisa mchana kutwa, ni taarifa ya kumpa daktari mara moja, kwa sababu kibofu hupasuka kwa urahisi kikigongwa kimejaa. Na ujue kwamba mbwa mwenye kibofu kilichopasuka anaweza bado kutoa mkojo kidogo, kwa hiyo ukimwona amekojoa usifute wasiwasi wote. Tumbo likianza kujaa, akatapika, akakataa kabisa chakula, mpeleke kwa daktari, hata kama alishaonwa mara ya kwanza.

Kumbeba: usimshike kwapani na mapajani kama mtoto. Tafuta ubao, mlango wa kabati, hata meza ndogo iliyong'olewa miguu, umtelezeshe juu yake mgongo ukiwa umenyooka, umfunge kwa khanga mbili asigeuke njiani. Usimpe chakula kabla ya kufika, huenda akahitaji kupewa dawa ya usingizi ili atibiwe. Na hata kama ni mbwa anayelala na watoto wako, mfunge mdomo kwa kitambaa laini kabla ya kumgusa sehemu inayouma; mbwa mwenye maumivu makali huuma yeyote. Ila kama anatapika au anapumua kwa shida, usimfunge mdomo. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaanza, na cheti cha chanjo ya mbwa wako ukichukue uende nacho.

Kwa daktari, omba picha ya eksirei ya kifua pamoja na ya nyonga. Bosi aliwekewa dripu na dawa ya maumivu kwanza, akapigwa picha ya kifua, na nyonga ikasubiri. Daktari alinieleza vizuri: kumpa dawa ya usingizi mbwa ambaye mapafu yake yamepasuka ili uunge mfupa ni kumpoteza mezani. Mfupa unaweza kusubiri siku kadhaa bila kuharibika. Kama uko karibu na Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndiko ningekwenda. Walio Nairobi wana ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Kwingineko hakikisha anayemtibu ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Mwambie bajeti yako mapema, bila haya. Daktari mzuri atakupangia kipi kifanyike leo na kipi kinaweza kungoja.

Picha itaonyesha ni mfupa upi. Fupanyonga likivunjika bila kugusa kile kikombe unamokaa mpira wa mfupa wa paja, mbwa wengi hupona kwa kupumzishwa tu, wiki 6 hadi 8, kwa sababu lile fupa limezungukwa na misuli minene inayolishikilia. Bosi alikuwa wa namna hiyo. Paja ni habari nyingine: linahitaji pini au vyuma. Mtu asikudanganye kulifunga vijiti na kamba nyumbani. Kitu chochote unachofunga mguuni kwa mfupa wa paja huishia chini ya kiungo cha nyonga, kinaning'inia na kuvuta pale palipovunjika kila mbwa akijitikisa. Chini ya goti ndiko hogo, yaani plasta ngumu, linakosaidia, nalo lifungwe na anayejua, kwa sababu likibana, vidole vinavimba, vinapoa, vinaoza. Kila siku gusa vidole vya chini: viwe na joto sawa na vya mguu mwingine. Harufu mbaya ikitoka humo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuna kipimo kimoja ambacho ndicho kinachobeba uamuzi mkubwa. Daktari atabana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mguu kujivuta peke yake hautoshi. Huo ni mshtuko tu wa mishipa ya fahamu, unaweza kutokea hata uti wa mgongo ukiwa umekatika. Kinachotafutwa ni mbwa kugeuka, kulia, kutaka kuuma, yaani maumivu yamefika kichwani. Akigeuka, una sababu ya kuendelea hata kama hawezi kusimama. Asipohisi kabisa kwa sababu ya uti wa mgongo, ndipo mazungumzo ya kumpumzisha yanakuwa ya haki, na yafanywe na daktari kwa sindano, si kwa rungu la mtu wa mtaani. Mguu mmoja ukiwa umekufa, kuukata si mwisho wa maisha. Mbwa wa miguu mitatu anatembea, anacheza, analinda nyumba.

Basi turudi nyumbani, maana kazi kubwa iko huko.

Pumziko si kumfungia uani. Ni sehemu ndogo anayoweza kusimama, kugeuka na kulala, basi. Mimi nilizungushia mbao kwenye kona ya sebule, chini nikatandika godoro jembamba lililovikwa nailoni, juu shuka linalofuliwa kila siku. Kama sakafu yenu ni marumaru, tandika mikeka ya mpira njia yote ya kwenda nje. Mara moja tu miguu ikitelezea pande mbili, mfupa ulioanza kushika unaachia.

Kumtoa nje, tumia khanga kuukuu iliyokunjwa mara tatu, ipite chini ya tumbo mbele ya mapaja, wewe ushike ncha juu ya mgongo ubebe uzito wa nyuma huku yeye akitembea kwa miguu ya mbele. Kwa jike hii ni rahisi. Kwa dume khanga inaziba njia ya mkojo, kwa hiyo nilikata kiroba cha salfeti kwa umbo jembamba katikati, nikashona mishikio. Toka, kojoa, nya, rudi. Hakuna kuzunguka.

Choo kitamsumbua. Njia ya haja kubwa inapita katikati ya fupanyonga. Mfupa ukiwa umeingia ndani, kinyesi kigumu hakipiti bila uchungu, naye akishaumia mara moja huanza kujizuia. Mpe chakula laini: dagaa wa kuchemsha, mayai, ini, uji au ugali laini, na boga lililopondwa kila siku. Mifupa hapana kabisa, inageuka saruji tumboni. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu pia hapana, vitunguu huharibu damu ya mbwa. Na usimjaze, mbwa asiyetembea hunenepa haraka, na kila kilo inakaa juu ya mfupa uleule.

Siku ambazo hawezi kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 4, usiku na mchana, gawaneni zamu. Kagua paja, kiwiko na mfupa wa nyonga: manyoya yakianza kukatika na ngozi kuwa nyekundu, kidonda kinakuja. Mkojo ukimlowanisha, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe vizuri mpaka kwenye mikunjo. Michubuko ya lami isafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa. Spiriti inaunguza nyama inayojaribu kuota. Na ogopa inzi kuliko kitu kingine: kwa joto letu hili inzi wakitaga kwenye kidonda au manyoya yenye mkojo, kesho unakuta funza. Chandarua cha mtoto juu ya banda lake kinatosha.

Siku 2 au 3 za mwanzo, barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10, mara kadhaa kwa siku, kama anaikubali. Baadaye kitambaa cha moto wa wastani kabla ya mazoezi. Mazoezi yenyewe uliza daktari aanze lini: amelala ubavu, unashika mguu juu na chini ya kiungo, unakunja na kukunjua polepole, mara 10 kwa kila kiungo, unaishia pale anapokaza. Bosi alikuwa anaburuza mguu wa kushoto kwa mgongo wa vidole, kucha mbili za kati zikasagika mpaka damu. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kama kiatu kiliziokoa, soksi iliteleza. Ukiona ameanza mwenyewe kugeuza nyayo ikae chini, hata kwa sekunde, mishipa ya fahamu inarudi.

Kipindi kigumu kitakuja wakati maumivu yameisha na mfupa bado. Atalia, atakwaruza mbao, atakutazama mpaka uone unamtesa, na watu nyumbani watasema mwachie, ameshapona. Usimwachie. Hapo mfupa umeungwa na kitu laini ambacho mruko mmoja unakivunja. Ruhusa itoke kwenye picha ya pili. Mpe kazi ya kichwa: ficha vipande vya dagaa ndani ya kitambaa avitafute, mchane manyoya, kaa naye. Jirani yangu mmoja, mama wa Kiislamu asiyegusa mbwa kwa udhu wake, ndiye aliyetuletea khanga kuukuu zote tulizotumia, akanisimulia yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Ukikutana na wanaocheka, wakumbuke na wa namna hii.

Jambo la mwisho, na ni kwa sababu wako ni jike. Fupanyonga lililovunjika likiunga vibaya, njia ya kuzalia inaweza kuwa nyembamba. Hapo watoto wanaweza kushindwa kupita, na anaweza kufa nao kama hakuna upasuaji. Usimpandishe. Akishapona omba afungwe kizazi, na mpaka hapo akiwa kwenye joto asitoke nje bila kamba.

Ukipata eksirei, iweke hapa pamoja na maneno ya daktari, na useme kama amekojoa na ufizi una rangi gani. Mimi niko hapa usiku huu.